Mkwe Aliye Juu ya Ardhi

Damaris Nyamusi aliolewa Sori bila ng'ombe hata mmoja. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, akiuza ndizi za mama yake katika soko la Migori, siku Levi Onditi aliposimama mbele yake na kununua mkungu mzima ambao hakuuhitaji. Levi alikuwa mvuvi, Mjaluo wa kando ya ziwa. Damaris alikuwa Mkuria wa Kegonga, huko juu ambako samaki hufika akiwa amekwisha kukauka. Yeye hakujua Kijaluo, na Levi hakujua Kikuria. Walichumbiana kwa Kiswahili cha sokoni, wakaoana kwa Kiswahili hicho hicho, na mpaka leo hugombana kwa Kiswahili, maana mmoja akikimbilia lugha ya mama yake, mwenzake humwambia, "Hiyo sijasikia. Rudia vizuri."

Babake Damaris, Mzee Gisiri, alitaja mahari ya ng'ombe wanane. Levi alikubali siku hiyo hiyo, kwa moyo mmoja, naye hana hata mbuzi. Huo ulikuwa mwaka wa 2010. Miaka kumi na miwili baadaye alikuwa bado hajapeleka hata ndama.

Mzee Gisiri hakuwa mtu wa kelele. Hakumwita binti yake arudi nyumbani, wala hakutuma wazee wamdai mkwe. Lakini mwaka ambao Millicent, mdogo wake Damaris, aliolewa, wakwe wa boma lile waliitwa mmoja mmoja mbele ya wageni wakaketishwa, na Levi hakuitwa. Alibaki nyuma karibu na masufuria. Akamsaidia mpishi kubeba maji, akijifanya kazi hiyo ndiyo iliyomleta. Damaris alimwona kutoka mbali. Waliporudi Sori hakuna aliyelitaja jambo hilo, wala siku zilizofuata.

Samaki walipopungua, Levi aliuza nyavu zake akaingia machimboni. Upande huo wa Nyatike kuna mashimo ya dhahabu. Wanaume hushuka kwa kamba, huvunja mwamba kwa nyundo na patasi, na mawe hupandishwa juu kwa magunia yakasagwe na kuoshwa. Kwa miaka minne Levi alipata ya kula wiki hii, akakosa wiki iliyofuata. Nyumba ilisimama kwa omena, wale dagaa wa ziwani. Damaris aliinunua ufukweni asubuhi, akaianika juu ya vipande vya nyavu kuukuu, na kila Alhamisi akapeleka magunia mawili Kegonga na Ntimaru, kisha akarudi na maharagwe na ndizi za kuuza Sori. Pesa ya omena aliiwekea sheria: ni ya chakula na shule, basi. Hata Levi alipomwomba ya kununua betri za tochi ya shimoni, alimwambia akamwombe mwenye shimo.

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi, wao na watoto wao wawili, Lorine na Cephas, pamoja na mamake Levi, Mama Truphena, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka yao.

Mwezi wa Februari, mwaka wa 2022, kikundi cha Levi cha watu sita kiligonga mwamba uliobeba dhahabu nyingi kuliko yote waliyowahi kuiona. Walipogawana, na mwenye shimo na mwenye shamba wakachukua haki yao, kila mmoja alilipwa kwa simu.

Levi alifika nyumbani adhuhuri, vumbi jeupe bado likiwa kwenye nywele na nyusi. Damaris alikuwa ameinama akigeuza omena.

"Osha mikono," Levi alimwambia.

"Kwani kuna nini?"

"Osha kwanza. Usishike simu na samaki."

Damaris aliosha, akapokea simu, akasoma. Akaifunika kwa kiganja kana kwamba kuku wangeweza kuona. Zilikuwa shilingi laki nne na elfu kumi na mbili.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yetu. Sasa sikia. Kesho naenda Ntimaru, nanunua ng'ombe. Wanane, Damaris! Nawaswaga kwa miguu mpaka kwa babako, mchana kweupe, kila mtu aone."

Damaris alikaa chini pale pale kwenye mchanga, akalia. Hakuwa mtu wa kulia. Alilia kwa sababu alijiona akiingia kwao akiwa na mume wake mbele yake, na mamake akipiga vigelegele.

Mama Truphena alikuwa kwenye baraza yake akimenya njugu, na alikuwa amesikia kila kitu. Alisema kwa Kiswahili, ili mkaza mwana wake asiachwe nje ya maneno.

"Ng'ombe hapana, wuoda. Mwanangu, pesa ya dhahabu hainunui ng'ombe wa mahari. Hiyo ni pesa makech."

Makech ni chungu. Wazee wa Kijaluo huita hivyo pesa iliyotokana na kuuza ardhi, au dhahabu, au kitu kilichopatikana kwa njia isiyo nyoofu. Husema ikinunua mifugo, mifugo haikai. Na ikilipa mahari, nyumba haikai.

Levi alikasirika. "Mama, sisi ni Wasabato. Hayo mambo tuliacha."

"Mimi nilikuwa Msabato kabla hujazaliwa. Sikuambii habari za mapepo. Keti chini."

Levi hakuketi. Mama yake akaendelea kumenya.

"Unalijua lile shamba la ng'ambo ya barabara, lenye mikaratusi?"

"La kina Ken."

"Lilikuwa lenu. Baba yako aliliuza wewe ukiwa unatambaa. Hakuwa amewahi kushika pesa nyingi hivyo. Akanunua ng'ombe, akawapeleka Homa Bay akaoa msichana huko. Msichana hakuwa mbaya, mimi sikuwahi kumchukia. Lakini ardhi ya kumlisha ilikuwa imeuzwa, na ng'ombe wako kwao. Alikaa mavuno mawili akaondoka. Baba yako akarudi kwangu na aibu, na hiyo aibu ndiyo ilimpeleka kwa pombe. Watu walisema ni makech. Mimi nilisema ni njaa. Lakini ile njaa ililetwa na pesa iliyokuja yote siku moja, na ikaenda yote siku moja."

Sasa Levi aliketi. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minane, na hakuwa amewahi kusikia habari hiyo.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuwa umewahi kuwa na pesa."

Levi alitoka akaenda kituo cha magari, hasira na aibu zikimpanda kwa pamoja. Huko alimkuta Ken, jirani yake na mwenzake wa shimoni, akizungukwa na watu watatu waliokuwa wakimweleza juu ya gari la mitumba lililokuwa likiuzwa Migori. Ken alimshika bega. "Ongeza yako kwa yangu, tuchukue mawili. Tubebe abiria. Utachimba mpaka lini?" Levi alisema atafikiria. Aliponunua soda alishangaa kuona watu wawili wasiomjua wamekwisha kujua kiasi alicholipwa.

Aliyekuwa na la kupoteza zaidi katika jambo hilo ni Damaris. Pesa ilikuwapo, mume alikuwa tayari, na aibu ya miaka kumi na miwili ingeisha kwa safari moja. Angeweza kumwambia Levi asisikilize maneno ya wazee, na Levi angekwenda. Alikaa na wazo hilo Jumanne hiyo na Jumatano nzima. Alhamisi alifunga magunia yake kama kawaida, akamwambia mumewe, "Ngoja nirudi. Usinunue kitu." Kisha akaenda Kegonga kumwuliza mwenye ng'ombe.

Alimkuta Mzee Gisiri ameketi nje akichagua mbegu za mahindi, akitupa zilizoliwa na wadudu upande mmoja. Damaris alimsalimu, akakaa kwenye kigoda, akaingia moja kwa moja.

"Tata, Levi amepata pesa ya ng'ombe."

"Wangapi?"

"Wote."

Mzee aliendelea kuchagua. "Amepata wapi?"

"Shimoni."

Hapo mzee aliweka ungo chini. Damaris akamweleza yote, na maneno ya mama mkwe wake pia, bila kuficha. Mamake alikuwa amekuja na uji, akasimama na kikombe mkononi bila kukitoa.

"Huyo mama mkwe wako ni mtu wa maana," Mzee Gisiri alisema mwishowe. "Ng'ombe hawana mdomo. Wangekuja hapa ningewapokea, na nisingejua walinunuliwa kwa pesa gani. Lakini wewe umekuja kuniuliza, basi nitakujibu. Wakifika hapa wanane, nyinyi kule mtabaki na nini?"

"Labda pesa ya mwezi mmoja, miwili."

"Na Levi ataamkia wapi siku ya pili?"

Wote watatu walijua.

"Mwambie," mamake alimhimiza mzee.

"Kila redio ikisema shimo limeporomoka upande wenu," Mzee Gisiri alisema, "mama yako huacha chakula. Mwaka jana alikaa siku mbili bila kula, kwa sababu simu yako ilikuwa imezimwa. Mimi najifanya nakula. Sitaki kupokea ng'ombe wanane, halafu mwaka ujao nipokee mjane na watoto wawili. Mwambie Levi hivi: ng'ombe nimengoja, na naweza kungoja tena. Kwanza aniletee mkwe aliye juu ya ardhi."

"Tata, watu watasema anakudharau."

"Watu walisema wakati wa harusi ya Millicent. Niliwasikiliza wao nikaacha kumwita mkwe wangu. Nilimwona akibeba maji." Akauvuta ungo wake tena. "Lile silisahau. Kunywa uji, unapoa."

Damaris alisimulia maneno hayo Sori jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya ziwa. Levi alikuwa akitengeneza mlango wa banda la kuku. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba arudie lile la ardhi. Damaris akarudia. Levi aliweka nyundo chini, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kwa muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Mimi nilidhani ananichukia," alisema.

Jumamosi, baada ya ibada, waliketi watatu kwa Mama Truphena kupanga. Zaka haikuwa na mjadala, ilitoka kwanza. Mama Truphena aliomba jambo moja tu: mchungaji aje aiombee pesa kabla haijaguswa. Mchungaji, kijana mpole aliyekuwa amehamia Sori mwaka huo, alifika akauliza pesa iko wapi. Levi akamwonyesha simu. Mchungaji akaitazama, akamtazama Mama Truphena, kisha akaweka mkono juu ya simu na kuomba kwa bidii. Katikati ya maombi simu ikalia. Alikuwa Ken, akiuliza habari ya gari. Cephas mdogo alicheka hadi akatolewa nje, na Mama Truphena mwenyewe alilazimika kujifunika uso kwa leso.

Baada ya hapo kazi ikawa ngumu. Levi alitaka nyumba ya matofali, kwa kuwa kila mchimbaji aliyepata alijenga, na asiyejenga aliitwa mlevi. Damaris alitaka kitu kitakacholeta kingine. "Nyumba hatuwezi kula," alisema. "Hii tunayoishi haijatufukuza." Walibishana hadi chai ikaisha. Mwishowe Levi aliuliza swali ambalo, kwa jinsi Damaris asemavyo, ndilo lililowafungua: "Kama ningekuwa nimekufa shimoni na hii pesa ndiyo rambirambi, ungeifanyia nini?"

Damaris hakupenda swali hilo, lakini alilijibu. Angehakikisha Lorine anamaliza sekondari. Angelipia kadi ya hospitali ya familia. Na angetafuta shamba karibu na maji, kwa sababu yeye ni binti wa mkulima na alikuwa amechoka kupanda Nyatike na kuvuna mabua kila mvua ikikosa.

"Basi tufanye hivyo," Levi alisema, "na mimi nikiwa hai."

Wakakodi ekari mbili kando ya ziwa kwa miaka mitatu. Wakanunua pampu ya sola na mabomba. Pesa ya Lorine ikaenda katika chama cha akiba na mikopo, ikafungwa kwa namna ambayo mmoja hawezi kuitoa bila mwenzake kutia sahihi. Levi alitaka pia kumwekea mamake mabati mapya. Mama Truphena alikataa. "Paa langu linavuja mwaka wa sita. Najua pa kuweka sufuria." Lakini hapo Levi hakusikiliza mtu. Mabati yaliletwa Jumatatu.

Ningependa kusema kwamba shamba lilikubali mara moja. Halikukubali. Walipanda nyanya, sukuma wiki na matikiti, na kwa miezi miwili watu walisimama barabarani kutazama jinsi kulivyokuwa kijani kibichi wakati kwingine kote ni kukavu. Kisha asubuhi moja Levi akaenda kufungua maji, akakuta viboko wametoka ziwani na kupita katikati. Waliyokula ni kidogo. Waliyokanyaga ni mengine yote. Mabomba yalikuwa yamezama matopeni, na alama za nyayo zilikuwa kubwa kama mabakuli.

Hakupiga kelele. Alirudi nyumbani, akachukua nyundo, patasi na tochi ya kichwani, akaondoka bila chai. Damaris alimwona akikata kona kuelekea machimboni. Akabaki na Mama Truphena barazani, mpaka mama mkwe aliposema, "Nyar Kuria, binti wa Wakuria, tuweke chakula motoni. Akirudi atakuwa na njaa."

"Na asiporudi?"

"Tutakula sisi."

Levi alifika shimoni. Wenzake wa zamani walimshangilia, wakamsogezea kamba. Alikaa ukingoni akivaa tochi. Amenieleza mwenyewe kwamba hakuona ndoto wala kusikia sauti. Alikumbuka tu kwamba yule mzee wa Kegonga, katika miaka kumi na miwili, alikuwa amemwomba kitu kimoja tu, na kwamba kitu hicho hakikuhitaji pesa. Akavua tochi, akampa kijana aliyekuwa akiazima ya wengine, akaaga. Alifika nyumbani saa saba mchana, akala ugali wa watu wawili.

"Tunahitaji seng'enge na mtaro," alisema akiwa bado anatafuna.

Pesa ya Lorine ilikuwapo, na walikuwa wawili wa kutia sahihi. Walizungumza juu yake, na wakaiacha. Badala yake Damaris alivunja sheria yake ya omena kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Kwa wiki sita watoto walikula sukuma na dagaa waliovunjika ambao wateja huwakataa, na faida yote ikanunua seng'enge. Mtaro aliuchimba Levi mwenyewe. Kwa mtu aliyezoea kuvunja mwamba, udongo wa ufukweni ulikuwa kama uji. Ken alikuja kumsaidia siku nne. Gari lake lilikuwa kwa fundi kwa mara ya tatu, na hakuwa na pengine pa kwenda. Alichimba vizuri, akaondoka na wazo. Siku hizi ana ekari moja upande wa pili wa mtaro, na lile gari, likiwa na afya, hubeba nyanya za wote wawili mpaka Migori.

Upanzi wa pili ulikuwa wa matikiti. Yalitoka makubwa, na yaliingia sokoni wakati wa kiangazi kikali ambapo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Siku Levi aliporudi kutoka Migori alimpa Damaris pesa yote mkononi na kuuliza, "Hii nayo ni chungu?"

Damaris akampelekea mama mkwe wake swali hilo. Mama Truphena aliangalia mikono ya mwanawe, jinsi ilivyopasuka.

"Hii mmeimwagilia maji kila siku," alisema. "Nunueni ng'ombe."

Mtamba wa kwanza alinunuliwa mnadani Ntimaru mwanzoni mwa 2023. Hawakumpeleka kwa mzee peke yake. Levi alisema angependa waende wakiwa kundi, basi mtamba akaachwa kwa Millicent, ambaye mumewe alikuwa na malisho karibu na Kegonga. Baada ya nyanya akaja wa pili, na msimu mbaya ukapita bila ng'ombe. Lorine aliingia kidato cha kwanza, karo yake ikilipwa bila mtu kukimbia huku na huku, na siku Damaris alipomsindikiza hadi langoni alimkumbuka babake aliyesema anaweza kungoja. Alisimama hapo langoni akasema asante kwa Kikuria, peke yake, mlinzi akimtazama.

Ilipofika Agosti 2025 ng'ombe walikuwa saba, na mmoja wao ana ndama, kwa hivyo wakahesabiwa wanane. Levi aliwaswaga kutoka kwa Millicent kwa miguu, kama alivyowahi kusema, mchana kweupe. Mama Truphena alikuwa nyuma yao kwa gari la Ken, akiwa na leso mpya na kapu la samaki wa mbuta. Alikuwa hajawahi kufika Kegonga, na njia nzima alilalamika kwamba mahali hapa hakuna maji, watu wanaoga nini.

Mamake Damaris alipiga vigelegele kabla ng'ombe hawajafika langoni. Mzee Gisiri alitoka amevaa koti. Hakuwahesabu. Aliwapita ng'ombe wote, akaenda moja kwa moja kwa Levi akamshika mikono yote miwili, akaigeuza na kutazama viganja.

"Uko juu?" aliuliza.

"Niko juu, mzee. Tangu siku ile uliponitumia neno."

"Nilisikia. Lakini nilitaka kusikia kwako."

Kisha akamgeukia Mama Truphena. Wazee hao wawili hawakuwa wamewahi kuonana. Mzee alimshukuru kwa Kikuria, maneno marefu, na Damaris akayageuza kwa Kiswahili: kwamba siku ile angenyamaza, leo pangekuwa na ng'ombe wengi boma hili na hakuna Levi. Mama Truphena akajibu "Erokamano," kisha akakumbuka kwamba hapo si kwao, akasema tena, "Asante sana, mkwe," na kumkabidhi kapu la samaki kwa haraka, kwa sababu alikuwa karibu kulia na hakutaka Wakuria wamwone.

Walikula, wakasali, wazee wakasema maneno yao. Mzee Gisiri alimrudisha ng'ombe mmoja, yule mwenye ndama, akasema anaenda Sori kuwapa wajukuu maziwa, na jambo hilo lisijadiliwe. Mama Truphena alikubali kwa niaba ya wote kabla Levi hajafungua mdomo. Alijua tayari watamfunga wapi.

Asubuhi iliyofuata Levi alikuwa bado anakunywa chai, amevaa shati lake jeupe la kusafiria, aliposikia anaitwa na Mzee Gisiri kutoka zizini. Si kwa heshima ya jana. Aliitwa kama mtu wa nyumbani anavyoitwa.

"Levi! Njoo ushike huyu nimpe dawa ya minyoo. Haraka, anakimbia!"

Akaacha kikombe. Alikuwa fahali wa mzee, naye alimvuta mara mbili kuzunguka zizi, akamlaza kwenye samadi, na mkwewe akamkemea kwa Kikuria kwamba anashika pembe kama mtu anayeshika samaki. Damaris, akiwa mlangoni na mwiko mkononi, akamtafsiria neno kwa neno. Levi alicheka hadi nguvu zikamwisha, shati limeharibika kabisa, lakini pembe hakuziachilia mpaka dawa ilipoisha kwenye chupa.